Kula vizuri kwenye mkahawa mdogo wa Kifilipino mjini Dubai

Waswahili wengi tunaofanya kazi Dubai tunaishi bega kwa bega na Wafilipino. Tunalinda nao mageti, tunasimama nao kaunta za hoteli, tunagawana nao jiko kwenye nyumba za kupanga kwa kitanda. Lakini chakula chao wengi wetu tunakijua kwa harufu tu. Siku mtu akijitosa kuingia kwenye mkahawa wao, anaagiza kuku wa kukaanga na wali, anamaliza, kisha anatoka akisema chakula cha Wafilipino ni sukari tupu na hakina ladha. Inaniuma kusikia hivyo. Mtu aliyelelewa kwa ukwaju, mbilimbi, embe bichi la chumvi na tui la nazi ana kila sababu ya kukipenda chakula hiki, mradi aingie kwa mlango wake. Mlango huo ni uchachu.

Jambo la pili la kushika kabla hujatoka nyumbani: kwa Wafilipino chakula hakimaliziki jikoni. Kinamaliziwa mezani, na anayekimalizia ni wewe mlaji, kwa siki, ndimu, pilipili na uduvi wa chumvi. Asiyejua hilo anakula nusu ya chakula, halafu anakilaumu chote.

Wapi, na saa ngapi

Mikahawa hii imejazana Satwa, Karama, na Deira upande wa kituo cha metro cha Al Rigga. Usitafute iliyopambwa. Tafuta ile yenye kaunta ya kioo, ndani yake sinia za chuma zimepangwa foleni, kila moja na kitoweo chake, na nyuma yake dada au kaka ameshika upawa. Mtindo huu wanauita turo-turo: unatazama, unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa. Kwa mgeni hakuna mtindo bora kuliko huo, maana huhitaji kusoma orodha ya majina usiyoyajua. Angalia pia nani wanakula. Ukikuta meza zimejaa Wafilipino waliovaa sare za kazi, kaa. Mkahawa wa Kifilipino usio na Mfilipino hata mmoja saa sita mchana, pita.

Vitoweo vingi hupikwa asubuhi na kupangwa kaunta kabla ya watu wa mapumziko ya mchana kuingia. Fika kati ya saa tano na nusu na saa saba mchana. Hapo mboga za majani bado za kijani na samaki bado ni mkavu wa kukaangwa. Usiku utapata pia, ila kilichobaki kimekaa juu ya moto mdogo siku nzima. Mboga imelegea na supu imekuwa nzito. Ukienda usiku, agiza vitu vinavyopikwa unapoagiza, kama tambi na vya kuchoma, au adobo, kitoweo cha siki, ambayo kukaa hakuidhuru. Jumapili jiandae kusubiri meza. Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki katika Falme za Kiarabu yamehamia Jumamosi na Jumapili, na siku hizo ndizo Wafilipino wengi wanakutana kula pamoja, wakitoka kanisani au wakimtoa ndugu aliyewasili karibuni.

Anayeamka mapema aende kwa kifungua kinywa. Humo utakuta majina yanayoishia na "silog": tapsilog, longsilog, bangsilog. Yote ni sahani moja yenye wali uliokaangwa kwa kitunguu saumu na yai la kukaanga. Kinachobadilika ni kitoweo. Tapsilog ni ya nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na kulowekwa, longsilog ni ya soseji yao ya longganisa, bangsilog ni ya samaki aitwaye bangus. Mtu aliyetoka zamu ya usiku hatapata sahani itakayomshika kuliko hiyo.

Suala la nguruwe, ulimalize kabla ya kukaa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo Waislamu wengi wanapogeuzia mlangoni, na hawana haja ya kugeuza.

Ufilipino ni nchi ambayo Wakatoliki ndio wengi, na nguruwe ni nyama kubwa ya mezani kwao. Lakini Dubai mkahawa hauwezi kuuza nguruwe bila kibali maalumu, na wenye kibali hicho hulazimika kumpika na kumhifadhi kando na kumtaja waziwazi. Mikahawa midogo ya mtaani kwa kawaida haihangaiki na hayo. Wanapika vyakula vilevile kwa kuku, ng'ombe au samaki. Sisig, ambayo asili yake ni mkoa wa Pampanga na hutengenezwa kwa nyama ya kichwa cha nguruwe iliyokatwakatwa, utaikuta ya kuku au ya samaki. Bicol express, mchuzi wa nazi uliojaa pilipili mbichi, utaikuta ya kuku au ya ng'ombe.

Hata hivyo uliza. Kuuliza si kuwatukana, wamezoea. Sema hivi: "May baboy po ba ito?" Maana yake, je, hiki kina nguruwe? Jibu unalolitaka ni "wala po", hakuna. Maneno mengine ya kukusaidia kaunta: manok ni kuku, baka ni ng'ombe, isda ni samaki, hipon ni kamba, pusit ni ngisi, gata ni tui la nazi.

Ukiwa nje ya Ghuba, yaani London, Toronto au Los Angeles, ambako nako kuna mikahawa mingi ya Kifilipino na Waswahili wengi, geuza mtazamo: chukulia kwamba nguruwe yumo hadi uambiwe hayumo. Anajificha pasipodhaniwa. Lumpia shanghai, zile sambusa ndefu nyembamba kama kidole, kwa kawaida ndani ni nguruwe wa kusaga. Choroko zao hunyunyiziwa ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Mboga ya pinakbet na majani ya magimbi ya laing, ukiyaona unadhani ni mboga tupu, lakini yana vipande vya nguruwe vya kutia mafuta. Tambi za pancit nazo huchanganywa. Dinuguan, mchuzi mweusi ti, umepikwa kwa damu yake. Na hata pasipo nyama, supu inaweza kuwa imetiwa vidonge vya ladha ya nguruwe, ambavyo Ufilipino huuzwa dukani kama vidonge vingine vyovyote. Kwa hiyo usiulize "hii ni mboga?" Uliza kama kuna baboy, kisha uliza mafuta ya kukaangia ni yaleyale au mbalimbali.

Watu husahau pia kwamba Ufilipino ina Waislamu wake wa karne nyingi: Wamaranao, Wamaguindanao na Watausug wa Mindanao na visiwa vya Sulu. Wana mapishi yao yasiyo na nguruwe kabisa. Ukibahatika kukuta mpishi wa huko, muulizie tiyula itum, supu ya nyama ya ng'ombe iliyo nyeusi kwa sababu ya nazi iliyochomwa hadi ikawa mkaa kisha ikasagwa na viungo. Au pastil, wali uliofungwa kwenye jani la mgomba na kuku aliyechambuliwa juu yake.

Kwenye kaunta

Ukifika mbele ya kioo, salimia. Mhudumu mwanamume mwite Kuya, mwanamke mwite Ate (tamka a-te). Ni kaka na dada, na ndivyo wao wenyewe wanavyoitana na watu wasiowajua. Mama mtu mzima aliye nyuma ya masufuria, ambaye mara nyingi ndiye mwenye mapishi, mwite Nanay. Tia "po" kwenye sentensi kwa heshima. Ukisema "salamat po" badala ya kushukuru kwa Kiingereza, utaona uso unavyofunguka, na mara nyingi upawa nao unazama zaidi.

Usianze kwa kuonyesha. Uliza kwanza: "Bagong luto po ba ito?" Hiki kimepikwa sasa hivi? Ni swali la kawaida kabisa, na wahudumu wengi watakuelekeza kwenye sinia iliyotoka jikoni punde. Kisha tazama mwenyewe. Mboga ya majani iwe bado na rangi. Samaki wa kukaanga awe mkavu juu, asiwe anang'aa mafuta. Mchuzi wa nazi uwe umeanza kutoa mafuta kandokando. Tui jeupe lililokatika na kuwa majimaji ni la jana lililopashwa.

Bei huenda kwa idadi ya vitoweo: wali na kitoweo kimoja, au wali na viwili. Mkiwa wawili, chukueni viwili tofauti mgawane. Pengine utaona tangazo la wali usio na kikomo, "unli" wanavyouita. Ni kwa kazi ya kubeba mizigo, si kwa mtu wa ofisini, ila hakuna atakayekuhesabia sahani. Baadhi ya mikahawa hukupa bakuli dogo la supu nyepesi bila malipo. Wanaiita sabaw. Kama hukuletewa, omba kwa adabu, "sabaw po", maana mara nyingi ipo ila mhudumu amesahau.

Vya kuagiza, kwa mpangilio ninaoshauri

Anza na sinigang. Ni supu ya uchachu, na ndiyo inayomfahamisha mgeni hiki ni chakula cha aina gani. Kwa asili hukolezwa kwa ukwaju mbichi, lakini kuna wanaotumia mbilimbi, wanayoiita kamias, au embe bichi, au mapera. Mzanzibari au mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi. Dubai mikahawa mingi hutumia unga wa ukwaju wa pakiti, na bado inatoka vizuri mpishi akijua kazi yake. Agiza ya samaki, ya kamba au ya ng'ombe.

Bakuli likifika, litazame kabla ya kutia kijiko. Mchuzi usiwe mwangavu kama maji. Uwe na ukungu kidogo, kwa sababu ndani kuna gimbi lililopikwa hadi likaanza kumomonyoka, na hilo ndilo linaloupa mchuzi uzito. Kuna vipande vya figili nyeupe, bamia nzima, bilinganya, maharage marefu ya kijani, na juu kabisa majani ya kangkong, ambayo bua lake lina tundu katikati. Bua hilo liume: likilia mdomoni, supu imepikwa sasa hivi, kwa sababu kangkong hutiwa mwisho kabisa, moto unapozimwa. Katikati inaelea pilipili ndefu ya kijani, nzima. Ukitaka supu kali, ibonyeze kwa kijiko kwenye ukuta wa bakuli. Usipotaka, iweke pembeni ya sahani mapema kabla haijapasuka. Wali haumwagiwi bakulini. Unachota mchuzi, unamwagia wali kidogokidogo, unakula, unachota tena.

Kitoweo cha pili kiwe kikavu zaidi, ili kishindane na supu. Hapo ndipo adobo inapoingia. Kuku au nyama hupikwa kwa siki, sosi ya soya, kitunguu saumu kingi na pilipili manga nzima, hadi mchuzi unapungua na kushika nyama. Wahispania hawakuileta adobo, ingawa jina ni lao. Waliikuta. Padri mmoja Mhispania, Pedro de San Buenaventura, alichapisha kamusi ya Kitagalogi mwaka 1613 na humo akayataja mapishi ya wenyeji ya kuloweka chakula kwa siki na chumvi kuwa ni adobo ya wenyeji. Siki na chumvi ndizo zilizokuwa zikihifadhi nyama kwenye joto kabla ya friji, na ndiyo sababu nilisema adobo haidhuriki kwa kukaa. Ya jana ni tamu kuliko ya leo, kwa kuwa uchachu umeshaingia hadi kwenye mfupa. Ukiiona kwenye sinia ina tabaka la mafuta juu na rangi ya kahawia iliyokolea, chukua.

Asiyependa nyama atazame samaki, na hasa bangus. Huyu ni mwatiko, yuleyule anayefugwa kwenye mabwawa ya maji ya chumvi Zanzibar, Tanga na Kilifi. Ufilipino ni samaki wa kufugwa wa miaka mingi, na mji wa Dagupan umejijengea jina kwa ajili yake. Shida yake ni miiba mingi myembamba, na Wafilipino wameitatua kwa mikono: wapo watu ambao kazi yao ni kuichomoa mmojammoja kwa koleo ndogo. Omba wa hivyo, asiye na miiba. Mapishi ya kuomba yanaitwa "daing na bangus": amepasuliwa mgongoni, akafunguliwa kama kitabu, akalowekwa kwa siki na kitunguu saumu usiku kucha, kisha akakaangwa hadi kingo zikakauka. Tumbo lake lina mafuta yenye ladha nzito. Usiliache, ndilo wenyewe wanaloligombania.

Kwa mboga, pinakbet ina karela, bamia, boga na bilinganya, vyote vimekolezwa kwa uduvi wa chumvi. Laing ni majani ya magimbi yaliyokaushwa na kupikwa kwenye tui la nazi na pilipili, mapishi ya watu wa Bicol, na ukiyapata yaliyopikwa taratibu hadi tui limekaukia utasahau nyama. Siku ya Ijumaa tafuta monggo. Ni choroko, ndengu kwa Mkenya wa bara na pojo kwa mtu wa pwani, zimepikwa laini na majani ya mlonge au mchicha. Wakatoliki wa Ufilipino wanazipika Ijumaa kwa sababu ya mfungo wa nyama, na desturi hiyo imewafuata hadi Ghuba, wakazipika Ijumaa hata wasiofunga.

Kare-kare nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayohukumiwa vibaya kuliko zote. Ni mkia wa ng'ombe na matumbo kwenye mchuzi mzito wa karanga za kusaga, wenye rangi ya machungwa. Mtu wa Tabora au wa Kampala anaiona anafurahi, anaonja, anaguna: haina chumvi. Ni kweli haina, na haikusahauliwa. Pembeni ya bakuli utaletewa kisahani cha bagoong, uduvi waliochachushwa kwa chumvi hadi wakawa rojo la rangi ya zambarau. Hiyo ndiyo chumvi yake. Chukua kiasi cha ncha ya kijiko, paka juu ya kipande cha nyama chenye mchuzi wa karanga, kula na wali. Usikoroge kisahani chote ndani ya bakuli, utaharibu. Bagoong isipokuja, usile; iombe kwanza. Mwenye mzio wa karanga au wa kamba asiiguse, na huyo wa kamba awe macho pia kwenye pinakbet, maana uduvi wa kule hauonekani kwa macho.

Mara ya kwanza usihangaike na balut, yai la bata lenye kifaranga ndani, ambalo kila anayekutania atakwambia ujaribu. Mikahawa mingi haina, na si kipimo cha ujasiri wala cha chakula cha Kifilipino.

Mezani

Ukikaa, kabla hata hujala, tengeneza sawsawan yako, yaani kichovyeo. Mezani kuna chupa za siki, sosi ya soya, na pengine patis, ambayo ni maji ya chumvi yatokanayo na samaki waliochachushwa. Omba kisahani kitupu na calamansi. Hii ni ndimu ndogo kama goroli, ganda la kijani na ndani rangi ya chungwa. Isipokuwepo, ndimu ya kawaida inafaa. Kisha fuata kanuni hii rahisi. Chakula cha kukaanga kichovye kwenye siki yenye kitunguu saumu na pilipili iliyopondwa, maana siki hukata mafuta. Cha kuchoma kichovye kwenye sosi ya soya iliyokamuliwa calamansi. Supu iongezee patis, matone mawili, matatu, kisha onja. Tambi za pancit zikamulie calamansi moja kwa moja juu yake, ukoroge. Pancit isiyokamuliwa ndimu ni mfano mzuri wa chakula kilichoachwa nusu.

Ile chupa nyekundu unayodhani ni ya nyanya, ionje kwanza. Mara nyingi ni sosi ya ndizi, tamu, iliyotiwa rangi. Anayetajwa kuibuni ni Maria Orosa, mtaalamu wa kemia ya chakula aliyetaka nchi yake itumie ndizi ilizonazo badala ya kuagiza nyanya za kigeni. Mama huyu aliuawa Februari 1945 katika vita vya Manila. Sosi yenyewe inaendana na kuku na mayai. Kwenye samaki mimi siipendi.

Kijiko na uma ndivyo vya kulia, kisu hutakiona. Kijiko kinashikwa kwa mkono wa kulia, uma kwa wa kushoto. Uma kazi yake ni kusukuma chakula kwenye kijiko na kushikilia nyama, na ubavu wa kijiko ndio unaokata. Kula kwa mkono pia ni kwao, wanakuita kamayan, hasa samaki wa kukaanga na vya kuchoma. Tazama meza ya jirani: wakiwa wananawa, nawa na wewe, mkono ulionao ni uleule wa nyumbani. Mkiwa kundi la watu sita na kuendelea, baadhi ya mikahawa inakubali kuwatandikia majani ya mgomba mezani na kupanga wali, samaki, kamba, embe bichi na mayai ya chumvi kutoka mwisho hadi mwisho, mkala wote kwa mkono. Hilo huagizwa siku moja kabla.

Utakapokuwa unapita kwenda kwenye meza yako, mtu usiyemjua atakuambia "kain po", karibu tule. Mswahili hashangai, maana na sisi hatuwezi kula mbele ya mtu bila kumkaribisha. Jibu ni "sige lang po, salamat", endeleeni, asante. Usikae. Lakini kama aliyekukaribisha ni mfanyakazi mwenzako, na akarudia mara ya pili huku akisogeza kiti, hapo anamaanisha, na kukataa kutamvunja moyo.

Kitamu, na kufungasha

Kwenye vitamu, halo-halo ndiyo inayotazamwa zaidi: barafu iliyoparwa, maziwa, maharage matamu, vipande vya nazi, ndizi, na juu aiskrimu ya zambarau ya ube, ambacho ni kiazi kikuu. Koroga hadi chini kabla ya kula, la sivyo utaanza na barafu tupu na kumaliza na sukari tupu. Turon ni ndizi iliyoviringishwa kwenye ngozi nyembamba ya lumpia na kipande cha fenesi, ikakaangwa na sukari hadi ikang'aa; iagize ya moto au usiiagize. Siku ya joto kali mimi huchukua sago't gulaman, kinywaji cha sukari guru na tembe za sago, na huishia hapo.

Malipo hufanywa kaunta. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 5 tangu Januari 2018 na kwa kawaida imeshaingizwa kwenye bei iliyobandikwa, kwa hiyo unacholipa ndicho ulichokiona. Bakshishi si lazima, ila sarafu zilizobaki ukiziacha kwenye kopo la kaunta zitagawanywa hadi jikoni.

Kilichobaki usione aibu kukifungasha. Sema "pabalot po". Ukifungasha sinigang, omba wali kwenye kasha lake na supu kwenye lake, na mwombe Ate asitie kangkong yote. Supu uliyoipeleka nyumbani ichemshe mara moja tu, usiifunike, na kamulia ndimu mpya wakati wa kula. Bagoong iombe kwenye mfuko wake uliofungwa fundo mbili. Kwenye metro ya jioni, fundo moja halitoshi.